Kalala Ilunga naye alikuwa mtoto wa mgeni

Mwanafunzi wa latin-philo mjini Lubumbashi anaweza kueleza bila kukwama namna Énée alivyotoka Troie usiku, mji ukiwaka moto, baba yake Anchise amembeba mgongoni, mtoto wake kamshika mkono, mke wake Créuse akipotea nyuma katika giza. Anajua kwamba Énéide ina vitabu 12, na kwamba Virgile alikufa mwaka wa 19 mbele ya Yesu Kristo bila kumaliza kuisahihisha. Lakini umuulize mwanafunzi huyohuyo Kalala Ilunga alivuka mto gani alipomkimbia mjomba wake, mara nyingi atatazama chini. Ni Lualaba. Treni inayotoka Kasai kuja Lubumbashi inauvuka mto huo pale Bukama. Ndani ya treni hiyo wamo watu wasiokuwa na jamaa mwenye nyumba kubwa mjini, na hao wanakwenda kutafuta pa kulala pembeni ya mji, katika komini ya Annexe. Jina la kwanza wanalopewa huko ni "wageni", na halisemwi kwa upole.

Latin ya shuleni na neno hilo la barabarani vinahusiana kuliko vinavyoonekana.

Annexe ni neno la Kifaransa, maana yake kitu kilichoongezwa pembeni. Komini zingine sita za Lubumbashi ziko katikati, nayo inazizunguka kama mkaba. Ndani yake kuna Kasapa, yenye chuo kikuu na gereza, tena kuna Kisanga, Kalebuka, Luwowoshi, Kasungami, Kimbembe, Munua na Naviundu. Mahali palipokuwa shamba la mihogo juzi, leo pana parseli yenye ukuta wa matofali nusu na mlango wa bati. Asubuhi mapema makala yanapita kwenda mjini juu ya kinga, magunia yamefungwa mpaka mwenye kusukuma haonekani. Anayefika na pesa kidogo anaanzia huku, iwe ametoka Mwene-Ditu, Malemba-Nkulu, Kasenga au Moba. Ndiyo sababu ugomvi wa nani ni originaire na nani si originaire, ambao wanasiasa wanauongea katika hoteli, hapa unaongewa kwenye foleni ya maji.

Katika ugomvi huo kila upande unasema unatetea mababu. Basi ni vizuri kuwasikiliza mababu wenyewe, katika hadithi ile ambayo Waluba wa Katanga wameitunza kama msingi wa ufalme wao.

Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu anayefananishwa na upinde wa mvua, alikuwa mwenye nchi. Alikuwa na nguvu, na alikuwa mkali kupita kipimo. Alicheka kinywa wazi na kula mbele ya watu wote. Siku moja akafika mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe. Huyu hakukubali kula akitazamwa, na hakucheka ovyo. Nkongolo alimshangaa, akamchekelea, lakini alimpokea na kumpa dada zake, Bulanda na Mabela. Kisha Mbidi akarudi kwao ng'ambo ya mto. Nyuma yake Bulanda akazaa Kalala Ilunga.

Kijana akakulia katika nyumba ya mjomba. Akawa mpiganaji, akamletea mjomba ushindi na nchi mpya. Akawa hodari kwa mbio, kwa michezo na kwa ngoma, mpaka wivu ukamshika mzee. Nkongolo akaamuru lichimbwe shimo, chini yake isimikwe mikuki, juu yake itandikwe mkeka, halafu akamwita kijana aje kucheza ngoma mbele ya watu. Mpiga ngoma alijua siri. Hakuweza kusema kwa kinywa, akasema kwa ngoma yake. Kalala alicheza akikaribia mkeka, akasikia onyo ndani ya mdundo, akautoboa mkeka kwa mkuki, akaona shimo, akaruka na kukimbia. Akafika Lualaba, akavuka, akawaagiza wavushaji wasimvushe anayemfuata. Nkongolo alipofika ukingoni akajaribu kujenga njia ndani ya maji. Alishindwa. Baadaye Kalala alirudi na jeshi la baba yake, Nkongolo akajificha katika mapango, akakamatwa, akakatwa kichwa.

Wataalamu wa chama cha Mbudye waliitunza historia ya ufalme kwa vidole, wakisoma lukasa, ubao wenye shanga na simbi ambao kila shanga ina jambo lake. Vizazi vya wafalme viliapa kwa hadithi hii. Wanahistoria wanabishana kama Nkongolo na Mbidi waliishi kweli ama ni mifano tu. Vyovyote iwavyo, Waluba walipochagua namna ya kusema wao ni nani, walisema hivi: baba wa ufalme wetu alitoka ng'ambo, na mama yake mfalme wa kwanza alikuwa dada wa mwenye nchi. Damu ya mgeni na damu ya mwenyeji ziko ndani ya mtu mmoja. Kusudi usiwe Muluba wa kweli bila mgeni, hadithi imeweka mgeni mwanzoni kabisa.

Walunda nao wanasimulia jambo la namna hiyo. Chibinda Ilunga, mwindaji wa Kiluba, alifika kwa malkia Ruwej, akamuoa, akapewa lukano, bangili ya utawala. Ndugu za malkia walikasirika, Chinguli akaondoka na watu wake kuelekea Angola. Ukoo wa Mwant Yav unatoka katika ndoa hiyo. Na Wayeke wa Bunkeya hawahitaji hata kurudi zamani za hadithi: M'siri alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, na watu wa Stairs walimuua tarehe 20 Desemba 1891.

Mwezi wa saba mwaka wa 1960 Katanga ilipojitangaza nchi, wakubwa wawili wa mambo hayo walikuwa Moïse Tshombe na Godefroid Munongo. Wa kwanza alikuwa mkwe wa Mwant Yav. Wa pili alikuwa wa ukoo wa M'siri. Waliosema kwa sauti ya juu kwamba Katanga ni ya Wakatanga walikuwa wameshikamana na nyumba mbili za kifalme zilizoanzishwa na wasafiri. Hakuna aliyewauliza kitambulisho.

Hapo ndipo Ulysse na Énée wanapoingia, wala si kwa kupamba maneno. Mwalimu wa latin akifundisha Odyssée kama orodha ya majitu na dhoruba, amepoteza nusu ya kitabu. Ulysse anapigana miaka 10 Troie, anazunguka miaka 10 baharini, na karibu kila mahali anapofika swali ni lilelile: hawa watu wanampokeaje mgeni? Polyphème, jitu la jicho moja, anakula wageni. Waphéaciens wanamnawisha, wanamkalisha, wanamlisha, ndipo wanamuuliza jina. Chakula kwanza, jina baadaye. Mzee yeyote wa Kabongo au wa Walikale angeitambua desturi hiyo bila kusoma Kigiriki. Na Eumée, mchunga nguruwe, mtumwa asiye na kitu, anamkaribisha mzee aliyevaa matambara bila kujua kwamba ndiye bwana wake.

Énée ni mkimbizi kabisa. Meli zake zinavunjika pwani ya Afrika, karibu na Tunis ya leo, na watu wake wanalalamika mbele ya malkia Didon kwamba askari wa pwani wamewakataza hata kukanyaga mchanga. Didon anawafungulia mji. Anawaambia kwamba yeye pia alifika pale akikimbia, kutoka Tyr, baada ya mume wake kuuawa. Mwenyeji huyo alikuwa mgeni wa jana. Ukipita Annexe na kuuliza wenye parseli walifika mwaka gani, utawapata akina Didon wengi. Kinachopungua ni wale wanaokumbuka.

Ni kweli, kuna jibu la upande mwingine, na lisifichwe. Watu wa Katanga wanaolalamika wana sababu zao. Walamba, ambao mji huu ulijengwa juu ya udongo wao tangu mwaka wa 1910, waliona mashamba yao yakiwa machimbo, kisha kambi, kisha kartie. Parseli moja inauzwa mara mbili. Kazi ni kidogo, na anayefika jana yuko tayari kufanya kwa bei ya chini. Na tenzi zenyewe, zikisomwa kwa uaminifu, hazisemi kwamba mgeni ni malaika. Didon alimpokea Énée, naye akaondoka alfajiri na kumwacha ajiue. Waphéaciens walimrudisha Ulysse kwao, na mungu wa bahari akaigeuza meli yao kuwa jiwe. M'siri alipokelewa na wakubwa wa nchi hii kama mfanyabiashara, akaishia kuwatawala. Nkongolo alipoteza nchi na kichwa kwa mtoto wa mgeni wake. Mwenyeji analipa, mara nyingi ni yeye anayelipa.

Lakini tenzi hizohizo zinaweka sheria juu ya mgeni pia. Wanaume wa Ulysse walikula ng'ombe za Jua walizokatazwa, wakafa wote. Wachumba waliojaa katika nyumba ya Pénélope, wakala mifugo na kunywa divai ya mtu asiyekuwepo, ni mfano wa wageni wabaya, na mwisho wao unajulikana. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna haja ya kuchagua kati ya mwenyeji mwenye haki na mgeni mwenye haki. Kila mmoja ana sehemu yake, na anayevunja sehemu yake atajwe kwa jina lake, kwa kosa lake, pasipo kutaja kabila. Mwizi wa parseli ni mwizi wa parseli. Mara nyingi kwa bahati mbaya ana karatasi yenye muhuri, na muhuri huo haukuja na treni ya Kasai.

Mji huu umekwisha kuona nini kinafuata watu wakiacha kutaja kosa na kuanza kutaja kabila. Mwaka wa 1992 na wa 1993, Likasi kisha Kolwezi, Wakasai walifukuzwa katika nyumba na kazi, wengine wakiwa wamezaliwa Katanga na wazazi waliozaliwa Katanga. Mamia ya maelfu waliondoka. Walijazana kwenye stesheni wakingoja treni, wiki na miezi, watoto wakifa pale chini. Wakati ule waliitwa bilulu, wadudu. Babu zao walikuwa wamechukuliwa na waandikishaji wa Union Minière na wa reli, hasa baada ya njia ya Bukama mpaka Ilebo kumalizika mwaka wa 1928. Walialikwa kwa kazi, na wajukuu wakafukuzwa kama wavamizi. Nkongolo alificha mikuki chini ya mkeka wa ngoma. Safari hiyo mkeka ulikuwa hotuba.

Leo maneno yanaanza tena, kwenye simu kuliko kwenye redio. Vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017 vilihamisha zaidi ya watu milioni moja katika Kasai. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23, na familia zikashuka na ziwa mpaka Kalemie. Watu wa mashariki wanaosoma maneno haya wanajua jinsi swali la "umetoka wapi?" linavyoweza kuwa salamu au kuwa kizuizi cha barabara. Yule aliye mwenyeji mwaka huu katika kartie yake anaweza kuwa na godoro kichwani mwaka ujao.

Wanyanga wa Walikale wana hadithi inayostahili kuwekwa karibu na hizi zote, na katika jambo moja inazishinda. Mwaka wa 1956 mwimbaji Candi Rureke aliimba hadithi ya Mwindo siku kadhaa mfululizo, Daniel Biebuyck akaandika, na mwaka wa 1969 ikatoka kama kitabu pamoja na kazi ya Kahombo Mateene. Mwindo anakataliwa na baba yake Shemwindo, ambaye hakutaka mtoto wa kiume. Anazikwa mzima, anafungwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Anasafiri majini mpaka kwa shangazi yake Iyangura, anarudi kwa vita, baba anakimbilia chini ya ardhi, mtoto anamfuata hukohuko. Msomaji anangoja kichwa kikatwe. Ulysse aliua wachumba wote. Énée, katika mistari ya mwisho kabisa ya Énéide, anamuua Turnus aliyepiga magoti. Kalala alimkata Nkongolo. Mwindo anamrudisha baba yake nyumbani, waliokufa vitani wanafufuliwa, mzee anakiri makosa yake mbele ya wote, na nchi inagawanywa kati ya baba na mwana. Ni mwisho mgumu kuliko ule wa upanga, kwa kuwa kesho yake lazima muonane. Kwa sababu hiyo Mwindo anastahili kusomwa Kolwezi na Likasi kabla ya Énée.

Énéide nayo ina jambo moja ambalo wengi wanalipita haraka. Karibu na mwisho, Junon anakubali kuacha hasira yake kwa sharti: watu wa Troie wakikaa Italia, wachukue jina na lugha ya wenyeji. Jupiter anakubali. Washindi ndio wanaojifunza kuongea upya. Lubumbashi ilifanya jambo la kuchekesha zaidi. Lugha ambayo Mlamba, Muluba wa Kasai, Mbemba na Mnyarwanda walikubaliana kuongea machimboni na kambini haikuwa ya yeyote kati yao. Kiswahili nacho kilifika kutoka mashariki na misafara ya biashara, na Union Minière ikakifanya lugha ya kazi. Anayesema "rudini kwenu" katika Annexe anasema kwa lugha iliyokuja kwa miguu.

Kasapa ina kila kitu cha kufundisha mambo haya. Mwaka wa 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa, fakilte ya Lettres iliwekwa Lubumbashi. Hapo alifundisha Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi wa 1941 aliyefariki 2025, mtu aliyesoma Kigiriki na Kilatini kwa kina na ambaye katika kitabu chake Parables and Fables cha 1991 alirudi kwenye hadithi ya Nkongolo na Kalala Ilunga. Hakuona aibu kuziweka Athènes na Bukama juu ya meza moja. Hapa hapa Lubumbashi, mwaka wa 1974, kilichapwa kitabu cha Clémentine Faïk-Nzuji juu ya kasala, wimbo wa mashujaa wa Kiluba ambao mpaka leo unasikika katika vilio vya mji huu, unataja mababu mmoja mmoja na mahali walipopita. Na mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mjini historia ya Élisabethville kama walivyoiona waliokuwa maboi wa wazungu. Nayo imejaa safari.

Pamoja na hayo, mtoto anamaliza sekondari akiwa amekariri majina ya kigiriki, na Nkongolo amemsikia tu kwa bibi, kama amebahatika kuwa na bibi. Kosa si latin. Wanaotaka latin-philo ifutwe kwa kuwa ni mambo ya wazungu wangeondoa darasa moja kati ya machache ambamo mtoto wa Annexe anaweza kusoma kuhusu mkimbizi aliyeheshimiwa. Bora mwalimu, siku anapofika kitabu cha nne, Didon akipanda juu ya kuni zake, aulize darasa: na Bulanda, mume wake alipovuka mto akamwacha na mimba, alibaki akisema nini? Hadithi zilizoandikwa hazimpi maneno mengi. Wanafunzi wangeweza kwenda kuyatafuta.

Hawangekwenda mbali. Katika Kasungami, Kisanga na Luwowoshi wako wazee waliotoka Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu, wako wengine waliotoka Kabinda na Mbuji-Mayi wanaosimulia kwamba wazee wao walitoka Nsanga Lubangu, upande wa mashariki. Majina yale yanatajwa pande zote mbili, Ilunga huku na Ilunga kule, na wenye kuyabeba wanagombana kwenye kisima. Simu ya mwanafunzi inaweza kurekodi saa nzima ya maneno ya mzee. Wizara haihitaji kutoa amri, wala mradi hauhitaji dola. Kutoka Kasapa mpaka kwa wazee hao ni taxi-bus mbili, na wale wa mwisho waliomsikia mtu wa Mbudye kwa masikio yao hawatangoja programu mpya ya masomo.